Usikaze Likiwa Linaning'inia

24 Machi

Springi za nyuma za gari zimefika, zile za mabamba ya chuma. Lori la mizigo limezishusha mlangoni asubuhi, mbili, zimefungwa kwa karatasi ngumu na kamba, nzito kiasi kwamba dereva alizivuta badala ya kuzibeba. Mume wangu Eilif alitoka kuzipokea kwa soksi tupu kwenye theluji. Nilimpigia kelele arudi avae viatu.

"Mama, hawa wageni wametoka Sweden yote hiyo," akasema, "na wewe unanihesabia soksi?"

Unni, binti yetu aliye Bergen, ndiye aliyenipa daftari hili Krismasi. Alisema niandike nisije nikapasuka. Limekaa jeupe mpaka leo kwa sababu sikuwa na hamu ya kujisoma. Leo nina la kuandika.

Gari lenyewe ni Duett la kijani, lenye milango miwili nyuma kama ya kabati. Eilif alikuwa fundi wa kuezeka mapaa kwa mawe bapa, na maisha yake yote ya kazi mawe hayo yalipanda nyuma ya gari hilo. Springi zilizolala miaka mingi chini ya mawe hazikumbuki tena kuinuka. Hata likiwa tupu limechuchumaa, pua juu, nyuma chini, na upande wa kushoto umelala zaidi. Torleiv, jirani yetu ng'ambo ya uzio, husema linafanana na ng'ombe anayekojoa.

Solfrid wa halmashauri alikuja wakati wa kahawa. Ndiye muuguzi anayewazungukia wazee wa bonde hili, mwanamke mwenye kicheko cha karibu. Nampenda, ila nikimwona anashuka garini natamani kufunga mlango. Februari Eilif aliacha birika jikoni mpaka likayeyuka kitako. Mapema mwezi huu alitoka na kandambili akashuka mtoni kumtafuta baba yake, aliyekufa mimi bado ni msichana. Simuwezi tena. Ni mrefu, na akianguka siwezi kumwinua. Tumekubaliana kwamba chumba kikipatikana katika nyumba ya wazee, kule karibu na kanisa, atahamia.

"Nitakuja," Eilif alimwambia Solfrid, huku akizipapasa springi. "Lakini nakuja na gari langu, na gari langu haliingii pale limechuchumaa. Watu watasema Eilif kaja kujisaidia."

Solfrid alicheka mpaka akashika ukuta. "Haya mzee. Springi kwanza, chumba baadaye."

"Umesikia, mama? Kaahidi."

Nimesikia. Siku gari litakapokaa sawa, mume wangu ataondoka nyumbani. Naandika hivyo hivyo ili nione kama nitazoea kuisoma.

27 Machi

Theluji. Amekaa bandani na gari kutwa, anaimba. Hajagusa spana.

30 Machi

Leo kazi imeanza. Torleiv alikuja kusaidia, maana bolti za zamani zimeota kutu mpaka zimekuwa kitu kimoja na chuma. Walilipandisha gari kwa jeki, wakaliweka juu ya stendi, wakatoa magurudumu, wakamimina mafuta ya kulegeza kutu, wakangoja, wakamimina tena. Mwishowe ikabidi Torleiv akate kwa grenda. Nilisimama mlangoni nikiwatazama wazee wawili wanatoa cheche na kutukanana, nikafurahi kama mjinga.

Mikono ya Eilif haijasahau kitu. Jina la mjukuu wake linampotea mezani, lakini chini ya gari anajua kila nati ilikotoka. Alimweleza Torleiv kazi nzima upya, na Torleiv akaitikia kila neno kana kwamba hajawahi kuisikia. Springi inashikwa mbele na nyuma kwa bolti zinazopita ndani ya bushi, yale mapete ya mpira. Bolti hizo zinakazwa mwisho kabisa, gari likiwa limeshashuka na kusimama kwa uzito wake wote juu ya magurudumu. Ukizikaza mapema, mpira unajisokota, gari linabaki limeinua nyuma na bushi zinachanika.

"Usikaze likiwa linaning'inia," Eilif alisema. "Likanyage kwanza."

"Likanyage kwanza," Torleiv akaitikia kama yuko kanisani.

Ana sababu ya kuitikia. Aliwahi kulifanya kosa hilo kwenye Opel yake, na Eilif akamsema mbele ya chama kizima cha magari ya zamani. Mpaka leo wanachama wakimwona Torleiv dukani humuuliza, "Vipi bwana, limekanyaga?"

5 Aprili

Springi zote mbili zimeingia. Eilif alikaza bolti za mwisho peke yake, nikiwa napika uji. Nilipotoka gari lilikuwa chini, limeinua nyuma juu kama paka aliyekunwa mgongo.

Torleiv alipanda uzio kuja kutazama. "He! Umelitoa kuchuchumaa, sasa umelifanya lisujudu."

"Springi mpya," Eilif akasema. "Zitalala zenyewe."

"Sawa. Zitalala."

9 Aprili

Hazijalala. Amelipandisha tena kwenye stendi.

10 Aprili

Hali ya hewa kavu, baridi, jua lisilo na kazi. Hapa kwetu hakuna mwenye gari la zamani anayelitoa kabla mvua haijaosha chumvi waliyoimwaga barabarani kuyeyusha barafu, maana chumvi hiyo inaliozesha bati kwa msimu mmoja. Kila asubuhi Eilif anakwenda mwisho wa njia yetu, anainama, anapangusa lami kwa kidole, analamba. Watu wanaokwenda kazini wanampigia honi na yeye anawapungia.

"Bado," ananiambia akirudi. "Chumvi tupu. Unaweza kukaangia samaki."

Amelishusha gari leo. Nyuma bado iko juu.

13 Aprili

Juu ya stendi.

14 Aprili

Chini. Bado limeinuka. Nimeosha madirisha.

16 Aprili

Solfrid amepiga simu. Chumba kimepatikana. Ni cha Borghild wa kinuni, aliyezikwa wiki iliyopita na mimi nilikula keki kwenye msiba wake bila kuwaza. Wanabadilisha sakafu na kupaka rangi, kitakuwa tayari tarehe kumi na tisa Mei, baada ya Siku ya Taifa. Dirisha linatazama kanisani.

"Usiponijibu leo, Gudny, kitakwenda kwa mwingine," alisema. "Na kingine sijui lini. Pengine mwakani."

Nilimtazama Eilif. Alikuwa mezani, anapaka siagi kwenye mkate bapa polepole, mpaka pembeni kabisa, kama anavyofanya siku zote. Hakuuliza ni nani. Nilisema ndiyo. Nilisema kwa sauti ya mtu anayeagiza kuni.

Kisha nilikwenda stoo nikakaa juu ya gunia la viazi. Najisikia mchafu. Nimeishi na mtu huyu tangu nina nywele kiunoni, na nimempa watu wengine kwa neno moja, yeye yuko mita tatu kutoka kwangu anakula.

Nilimweleza jioni. Alisikiliza vizuri, akauliza Borghild alikufa kwa ugonjwa gani. Halafu akasema, "Lakini gari bado."

"Gari bado," nikakubali.

21 Aprili

Juu ya stendi. Unni amepiga simu, anasema "mama, nunueni springi nyingine." Nimemwambia aje azifunge yeye.

26 Aprili

Nimechoka, lakini lazima niandike, kwa sababu leo nimefanya jambo nililodhani ni la busara.

Niliitisha msaragambo. Katika bonde hili mtu akiitisha msaragambo watu wanakuja, hata kama mmegombania mpaka wa shamba, na anayesaidiwa hana haki ya kukataa. Kazi yake ni kutoa kahawa na kushukuru. Nilimwambia Torleiv, Torleiv akaambia chama, na Jumamosi hii wakaja kumi na mmoja na spana zao, na wawili waliokuja kwa ajili ya mikate yangu ya vafeli tu. Nilijua Eilif hawezi kuwafukuza.

Hakuwafukuza. Alivaa ovaroli safi akasimama katikati ya banda kama kiongozi wa kwaya. Walifungua springi zote mbili, wakaangalia kila bamba, wakapima kushoto na kulia, wakabadilisha bushi zilizochanika, wakarudisha kila kitu. Kelele ilikuwa ya harusi.

"Eilif, gari lako lina afya kuliko mkwe wangu!"

"Mkwe wako umemtia mafuta lini?"

Nilikuwa nacheka na trei mkononi. Nilijiona mwanamke mwerevu. Ilipobaki kukaza zile bolti nne za mwisho, Eilif aliinua mkono.

"Basi. Nendeni mkanywe kahawa. Hizi nakaza mwenyewe. Gari ni langu."

Nani angembishia? Wakaingia ndani, wakala vafeli na jibini ya kahawia na jemu, wakamaliza mabirika mawili. Tuliposikia jeki inashuka wote wakatoka mbio kama watoto.

Gari lilikuwa limesujudu. Vilevile, kama siku ya kwanza.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Watu wale wanacheka kwenye mazishi. Wakakusanya spana zao, wakampiga Eilif begani, wakasema springi mpya zina wazimu wake, zitalala. Torleiv alibaki nyuma akanifuata mpaka kwenye geti.

"Shemeji," alisema. Alikuwa anatazama viatu vyake. "Amekaza likiwa juu ya stendi."

"Hawezi. Yeye ndiye..."

"Najua yeye ndiye. Nimeshika bolti tulipotoka, zilikuwa zimeshakazwa na jeki ndiyo kwanza imeshuka. Amekaza linaning'inia, ndipo akashusha. Kila mara, nadhani, tangu mwanzo." Akavua kofia akaivaa tena. "Alinisema mimi mbele ya watu, shemeji. Ningetoa Opel yangu leo aniseme tena."

Kwa hiyo limekwenda na hilo. Jina la mjukuu nililivumilia, na baba yake mtoni, na birika. Nilidhani chini ya gari bado yupo. Nimelia nikiosha trei, na sikujificha, maana yeye alikuwa amelala kwenye kochi kafungua mdomo.

27 Aprili

Torleiv amejitolea kuja kimya kimya wakati Eilif amelala mchana, alegeze, akaze sawasawa, yaishe. Nimemwambia angoje. Sijui namngojesha nini. Mtu akishindwa kazi aliyoijua kuliko jina lake, unamfanyia nyuma ya mgongo wake, kisha unamwambia twende?

30 Aprili

Chini. Juu ya stendi tena baada ya chakula. Ameniita Magnhild, jina la dada yake. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka.

"Mimi ni Gudny! Na gari lako limepona wiki tatu zilizopita, wewe ndiye unayeliharibu!"

Alinitazama kwa upole. "Usipige meza," akasema. "Niliitengeneza mimi."

Ni kweli, aliitengeneza yeye. Nikaenda kukaa kwenye gunia la viazi.

3 Mei

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilimpelekea kahawa bandani. Theluji imebaki vipande tu, kwa hiyo viatu vyangu havikutoa sauti. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Gari lilikuwa limeshashuka, limesimama kwenye magurudumu yake, na Eilif alikuwa chini yake miguu nje. Nikasikia analegeza bolti. Moja, ya pili, mpaka zote nne. Akatoka, akapanda kwenye bampa ya nyuma kwa uzito wake wote, akalitikisa juu chini, juu chini. Gari likashuka. Likalala mahali pake.

Lilikuwa sawa. Sijaliona gari lile limekaa vile tangu tulipokwenda nalo fungate. Aliingiza vidole kati ya tairi na bati, kushoto vinne, kulia vinne. Akarudi nyuma mpaka ukutani akalitazama, na uso wake ulikuwa uso wa Eilif, mzima, wa siku zote, anayejua kazi yake imetulia.

Kilichobaki ni kukaza pale pale. Dakika chache tu.

Akalitazama sana. Kisha akachukua jeki. Akalipandisha mpaka magurudumu yakaning'inia, akaingia chini, akakaza. Nilimsikia anahema. Akatoka, akashusha. Gari likabaki limeinua nyuma. Akapangusa mikono, akalipiga kofi dogo kwenye bati, kama mtu anayemwomba radhi farasi.

Anajua. Alijua siku zote.

Niliweka kikombe juu ya gogo la kuni. Nikarudi ndani nikaanza kugonganisha masufuria, nionekane niko jikoni.

4 Mei

Sijalala. Wiki zote hizi namhurumia kwa kusahau, kumbe hajasahau. Amejidhalilisha mbele ya chama kizima, mbele ya Torleiv, amewaacha wote wamwone amepungukiwa akili kwenye kitu cha pekee alichokuwa anajivunia, ili apate siku nyingine kwenye meza yake. Nina hasira na ninampenda, na vyote viwili havinisaidii kitu.

Nikimwambia nimemwona, itabidi aende. Nisipomwambia, anabaki, na mimi naanguka kabla yake. Leo asubuhi amekojoa stoo, juu ya lile gunia langu. Hilo nalo ni la kweli. Hakujifanya.

Nimebadilisha viazi.

8 Mei

Amefika barabara kuu. Nilikuwa nakamua nguo, ufunguo niliusahau mlangoni. Alitoka na nguo za ndani, pekupeku, akaenda kupiga magoti katikati ya lami kulamba chumvi. Lori la magogo lilikuwa linateremka. Dereva, kijana wa Kipolandi, alifunga breki mpaka lori likakaa mshazari. Alimleta mwenyewe mpaka mlangoni, amemvika koti lake.

"Baba alikuwa anakula barabara," aliniambia. "Nisamehe. Nilimfokea."

Nilimpa kahawa, akainywa amesimama mlangoni. Eilif alikaa jikoni miguu ndani ya beseni la maji ya moto, akauliza huyu kijana ni mume wa Unni?

Solfrid amekuja mchana. Hakucheka leo. Amesema tarehe kumi na tisa ni tarehe kumi na tisa, na asipokuja kwa gari lake atafuatwa na lao. Eilif alikuwa amekaa pale pale. Alikuwa anatazama miguu yake, jinsi ilivyochubuka, kama miguu ya mtu mwingine.

10 Mei

Mvua.

11 Mei

Mvua. Mto umepanda. Barabara yote inatiririka kahawia.

12 Mei

Mvua. Hajaenda bandani. Amekaa dirishani.

13 Mei

Imekatika alfajiri. Aliniomba nimsindikize, kwanza alikuja na viatu mkononi nimfunge kamba. Tukaenda tumeshikana mikono mpaka mwisho wa njia. Aliinama, nikamshika mkanda asianguke. Akapangusa lami, akalamba. Akafikiri. Akapangusa tena, akaninyooshea mimi kidole.

"Onja wewe. Mimi sijiamini."

Nililamba kidole cha mume wangu barabarani, mwanamke wa umri wangu, jirani wa juu anatoa ng'ombe. Ladha ilikuwa ya udongo na mafuta ya gari.

"Imekwisha?" akauliza.

Ningeweza kusema bado. Naapa nilifungua mdomo kusema bado.

"Imekwisha, Eilif."

"Imekwisha," akasema, na hakuuachia mkono wangu mpaka nyumbani.

15 Mei

Aliniita bandani baada ya kahawa. Gari lilikuwa chini, bolti zimelegezwa, amelitikisa, limelala sawa. Spana zilikuwa zimepangwa juu ya gunia.

"Ingia ukae," akasema.

Nilizunguka upande wa abiria, ninakokaa siku zote.

"La. Kwenye usukani."

Nimeendesha gari la posta bonde zima mpaka nastaafu, kwenye barafu na kwenye giza, lakini Duett hakuwahi kunipa. Alikuwa akisema klachi yake ina wivu. Niliingia nikakaa. Kiti kilikuwa na umbo lake.

Akalala chini, akajivuta kwa mgongo mpaka nikaona soli za viatu tu. Nikasikia spana inashika.

"Usitoke mpaka nikuambie," sauti yake ikasema kutoka chini. "Ukitoka uzito unabadilika."

"Sitoki."

Akakaza. Alipumzika, akakaza tena.

"Eilif," nikasema. Nilikuwa naongea na kioo cha mbele. "Nilikuona. Ile asubuhi ya tarehe tatu."

Spana ikasimama.

"Najua," akasema. "Uliacha kahawa juu ya gogo."

"Ukaifanya nini?"

"Nikainywa. Ilikuwa imepoa."

Spana ikaanza tena, upande wa pili sasa.

"Nilikuwa nataka uone majani ya mti wa mbele yanachipua," alisema. "Tuone wote. Ndiyo hivyo tu. Halafu majuzi nikaona miguu yangu, na sikumbuki nilikwenda wapi. Mama, sikumbuki hata kidogo. Wewe ungenikuta barabarani."

"Usiseme."

"Ungenikuta wewe. Si mwingine." Akahema. "Bado moja."

Nilikuwa nalia, nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi. Ndipo nikafikiria jambo, nikajipangusa uso. "Lakini mbona unakaza nikiwa peke yangu? Si uniweke na mtu upande ule? Torleiv aje akae. Tukiwa wawili garini litalala tofauti."

Alikaza ile ya mwisho mpaka chuma kikalia. Halafu akajitoa polepole, akabaki amelala sakafuni ananitazama kutoka chini, na mafuta kwenye nyusi.

"Wawili gani?" akasema. "Kuanzia Jumatatu ni wewe tu."

17 Mei

Siku ya Taifa. Jua. Tumeandamana nyuma ya watoto wa shule na bendi, mimi kwenye usukani na vazi la bibi yangu lenye vifungo vya fedha, Eilif pembeni na bendera ya karatasi. Watu wote wa chama walikuwa wamesimama mbele ya duka na magari yao. Walipoona jinsi Duett lilivyokaa, kofia zikavuliwa. Torleiv alikimbia pembeni yetu mpaka akakosa pumzi.

"Eilif! Limekanyaga?"

"Limekanyaga!" Eilif akajibu kwa sauti ambayo sijaisikia mwaka mzima. "Wewe lako je?"

Amekula aiskrimu tatu. Jioni aliniuliza sherehe ilikuwa ya nani.

19 Mei

Nimempeleka.

Alivaa suti. Alibeba mfuko mmoja na ile spana kubwa, Solfrid akasema spana ruhusa. Kwenye kila kona nilisikia gari linaegemea kidogo upande wake, kidogo sana. Pengine hakuna mwingine ambaye angesikia. Chumba kinanuka rangi. Alikwenda dirishani akatazama paa la kanisa muda mrefu, kisha akamwambia Solfrid, "Yale mawe nimeyaweka mimi," na ni kweli, ni yeye. Nilipombusu alinishukuru kwa kumleta. Alisema, "Mwambie mke wangu gari liko sawa."

Nimesema nitamwambia.

Nimerudi peke yangu. Halikuegemea popote. Nimeliingiza bandani, nikazima, nikafungua mlango, nikachungulia nyuma bila kutoka. Pengo kati ya tairi na bati upande wangu lilionekana vidole vinne, kama alivyotaka. Nikajaribu kutoa mguu mmoja nje, nikainuka nusu, na nikaona upande wa kushoto unapanda kidogo. Nikaketi tena. Likarudi mahali pake.

Basi nikabaki nimekaa. Niliogopa kulitoa gari kwenye kimo alichoniachia. Torleiv aliona mlango wa banda uko wazi, akaruka uzio, akaja, akagonga kioo.

"Shemeji, toka. Kahawa iko mezani kwangu."

"Nikitoka litapanda," nikamwambia.

Alinitazama, akalitazama gari, kisha akazunguka, akafungua mlango wa abiria, akakaa pembeni yangu.